Pamba Haifai Korongoni: Mavazi na Mzigo wa Kuteremka Maporomoko

Mimi ni fundi wa nguo. Nimekaa mbele ya cherehani hapa Malindi kwa miaka 18, na katika muda huo nimeshona madera, mabuibui, sare za shule na nguo za maharusi kiasi cha kuamini kwamba katika mambo ya mavazi hakuna litakalonishinda. Hata hivyo, mwezi wa Agosti 2023 nilisimama kiunoni ndani ya maji ya mlimani nikitetemeka mpaka meno yakagongana, na chanzo chake kilikuwa nguo niliyoishona mwenyewe, kwa kitambaa nilichokichagua mwenyewe, nikiwa na hakika kabisa kwamba nimejiandaa. Tangu nirudi, wanawake kadhaa wamekuja dukani kuniuliza kama inawezekana kwa mwanamke anayejisitiri kuteremka korongo lenye maji bila kuhatarisha stara yake wala maisha yake. Inawezekana, tena vizuri sana, lakini kwa maandalizi ambayo mimi niliyajua baada ya kuumia.

Dada yangu mkubwa aliolewa na Mngazija, nao wanaishi Saint-Denis katika kisiwa cha Réunion, ambacho ni sehemu ya Ufaransa ingawa kipo huku kwetu katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Kisiwa hicho ni mlima wa volkano uliochomoza baharini. Kilele chake kirefu, Piton des Neiges, kina mita 3,070, na mvua kubwa za upande wa mashariki zimechimba mabonde yenye kuta za wima ambayo mwaka 2010 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani ya mabonde hayo mito hushuka kwa ngazi za mawe, na watu huifuata kutoka juu hadi chini wakiwa na kiongozi: hutembea majini, huteleza kwa makalio juu ya mwamba uliolainishwa na maji, huruka kuingia vidimbwini, na penye poromoko refu hushuka kwa kamba. Shemeji yangu amekuwa akifanya hivyo kwa miaka mingi. Nilipopata viza na kukata tiketi ya wiki tano, aliniambia kwa simu, "Shemeji, ukija nitakupeleka Salazie, ukaone maji yanavyozaliwa." Salazie ni mojawapo ya mabonde hayo. Nilikubali palepale, kwa kuwa naogelea tangu utoto na sikuona sababu ya kuogopa.

Kosa langu la kwanza lilianzia hapo, katika neno lenyewe. Niliposikia "korongo", mawazo yangu yalikwenda Nyari, kule Marafa, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Malindi, mahali ambapo Wagiriama wa huko husema jina lake lina maana ya mahali palipojivunja penyewe. Nimeteremka Nyari mara nyingi nikiwa na jamaa waliotoka Mombasa na Lamu. Ni korongo kavu la udongo na mchanga ulioshikana, jekundu na jeupe, nalo huhifadhi joto kama tanuri. Ukienda saa sita mchana utajuta. Kule nguo bora ni dera la pamba, mtandio mwepesi, kofia pana ya ukindu na raba zozote zilizofungwa, pamoja na maji ya kunywa yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu. Nilichukua maarifa hayo ya Nyari, ambayo ni sahihi kabisa kwa Nyari, nikayafunga ndani ya sanduku langu la kwenda kwenye maji baridi.

Wiki mbili kabla ya safari shemeji alinitumia orodha aliyoandikiwa na kiongozi, akanifasiria kwa Kiswahili. Ilikuwa fupi: nguo ya kuogelea inayobana, isiyo ya pamba, raba za zamani zenye soli inayoshika, taulo na nguo kavu za kubadilisha, chakula kidogo, chupa ya maji, kamba ya miwani kwa anayevaa miwani. Nilipofika kwenye maneno "inayobana, isiyo ya pamba" nilijiambia kwamba hayo yameandikwa kwa ajili ya watu wasiojali stara, nami nikayapita. Hilo ndilo jambo ninalolijutia kuliko yote, kwa sababu sikuuliza. Kama ningempigia dada nikamwuliza sababu ya pamba kukatazwa, angemwuliza mumewe, naye angenieleza kwa dakika tano.

Nilishona seti nzima. Ndani nilijishonea fulana ya mikono mirefu na suruali, vyote vya jezi ya pamba laini. Juu nilishona kanzu ya kufika magotini, nayo ya pamba iliyochanganywa kidogo na lastiki, ili niivae juu ya suti ya mpira ambayo niliambiwa nitapewa. Kichwani nilipanga kuvaa mtandio wa pamba uliofungwa kwa pini nne. Vitambaa na uzi vilinigharimu shilingi 3,400, na siku mbili za kazi sikuzihesabu. Miguuni nilichukua raba za turubai zenye soli bapa nilizozipata kwenye mitumba kwa shilingi 350, nikaridhika kwamba ni za zamani kama orodha ilivyotaka. Mama alinipa doti ya leso na kunisisitiza niifunge mzigoni, akisema msafiri bila leso hajakamilika.

Mama alikuwa na wasiwasi mwingine ambao sikuupa uzito wa kutosha. Alikumbuka habari za Septemba 2019, watu saba waliposombwa na maji ya ghafla katika korongo la Hell's Gate kule Naivasha, akaniuliza, "Mwanangu, mvua ikinyesha mkiwa ndani, mtatokea wapi?" Nilimjibu kwa haraka kwamba kiongozi anajua. Nilipofika Réunion, siku tuliyopangiwa ilipambazuka na jua zuri Saint-Denis, na bado kiongozi alipiga simu saa kumi na mbili asubuhi kuahirisha, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko milimani. Nilikasirika. Nilikuwa nimekwisha kulipa Euro 75, ambazo ni zaidi ya shilingi 10,000 za Kenya, na kwa macho yangu mbingu ilikuwa safi. Shemeji aliniketisha akanieleza kwamba mto wa korongoni haupandi kwa mvua iliyo juu ya kichwa chako. Hupanda kwa mvua iliyonyesha mbali, kule juu ambako vijito vyote hukutana, na katika mfereji mwembamba wa mwamba maji hayana pa kutanuka isipokuwa kwenda juu. Basi hesabu katika mipango yako siku mbili au tatu za akiba, na usiweke safari ya korongo siku moja kabla ya ndege ya kurudi. Ukimwona kiongozi anaahirisha, mshukuru.

Siku ya tatu tulikwenda. Barabara ya Salazie hupanda kando ya mto, ikipita maporomoko membamba yanayoning'inia ukutani kama shela la bibi harusi, na ndilo jina walilopewa kwa Kifaransa. Tuliacha gari karibu na Hell-Bourg, kijiji kilicho zaidi ya mita 900 juu ya bahari, ambako mashamba ya chuchu, mboga inayotambaa ya jamii ya maboga, yamefunika kila ua na kila kilima. Agosti huko ni kipupwe kama huku kwetu, lakini kipupwe cha mlimani: kila ukipanda mita 1,000 hewa hupungua joto kwa takriban nyuzi 6, na maji yanayotoka juu zaidi huja na baridi ya huko yatokako. Mimi nimekulia kando ya bahari ambayo mwaka mzima haipungui sana chini ya nyuzi 25. Mwili wangu haukuwahi kujua kwamba maji yanaweza kumuumiza mtu kabla hayajamzamisha.

Kiongozi aligawa vifaa. Kila mmoja alipata suti ya mpira ya vipande viwili, suruali yenye mabega na jaketi juu yake, unene wake milimita 5, kwa hiyo kifua na tumbo hufunikwa mara mbili. Tulipewa helmeti, mikanda ya kufunga kiunoni na mapajani, na kile chuma chenye umbo la nane ambacho kamba hupitishwa ili kukupunguzia mwendo unaposhuka. Vifaa hivi kwa kawaida vimo ndani ya malipo, na ni vizuri kuthibitisha mapema kwa kutuma urefu, uzito na saizi ya kiatu chako. Mimi nilituma saizi ya gauni ninayojishonea, ambayo ni pana kwa makusudi, nikapewa suti kubwa kuliko mwili wangu.

Hapa nieleze jinsi suti ya mpira inavyofanya kazi, kwa sababu fundi yeyote wa nguo ataelewa mara moja. Haikuzuii kulowa. Maji kidogo huingia, yakabaki kati ya ngozi na mpira, mwili wako ukayapasha joto, na mpira wenye vijipovu vya gesi ndani yake ukalizuia joto hilo lisitoke. Ukawa umevaa maji yako mwenyewe ya vuguvugu. Sharti lake ni kubana. Ikiwa pana, kila unapotumbukia maji ya vuguvugu hufukuzwa na ya baridi huingia, nawe huanza kupasha upya. Mimi nilikuwa na suti pana, na ndani yake mikunjo ya jezi ya pamba iliyofanya mifereji kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Nilikuwa nimejishonea njia za baridi.

Pamba ni kitambaa ninachokipenda. Kwa joto la Malindi hakuna mfano wake: hunyonya jasho, hulisambaza, upepo wa kaskazi hulikausha, na katika kukauka huko huubeba moto wa mwili. Tabia hiyohiyo, ukiipeleka kwenye baridi, hugeuka adui, kwa kuwa pamba iliyolowa haiachi kunyonya joto lako, na maji hubeba joto kutoka mwilini takriban mara 25 kuliko hewa. Baadaye niliipima kanzu yangu kwenye mzani wa jikoni wa dada. Ikiwa kavu ilikuwa gramu 420. Ilipolowa ilipita kilo 1 na gramu 300. Mzigo huo wote niliubeba mabegani na mapajani kwa muda wa saa nne.

Mambo yaliharibika kwa utaratibu. Katika kuruka kwa mara ya kwanza, kwenye kidimbwi kisichozidi mita mbili kwenda chini, miwani yangu ilitoka na sikuiona tena. Haikuwa na kamba. Miwani hiyo ilikuwa ya shilingi 9,000, na hasara iliyozidi ile ya fedha ilikuwa kwamba njia yote iliyobaki niliiona kwa ukungu, nikikanyaga mawe kwa kubahatisha. Raba zangu za turubai ziliteleza kila hatua. Soli bapa na ngumu haishiki mwamba wenye ukungu wa kijani. Inatakiwa soli ya mpira laini yenye meno, kiatu kinachofunga kifundo, chenye matundu ya kutolea maji. Nilianguka mara tatu, na goti likavimba. Viongozi wengine hukodisha viatu maalumu. Huyu alikuwa navyo kwa Euro 8, nami nilikataa kwa kuona ni gharama isiyo ya lazima. Nawaomba wenzangu, panapohusu viatu lipeni. Champali, akala na makubadhi yasifikiriwe kabisa.

Kwenye poromoko la kamba, kanzu yangu nusura iniletee balaa. Nilikuwa nimeegemea nyuma, miguu ukutani, kama nilivyofundishwa, na upepo wa maji ukaipeperusha pindo la kanzu kuelekea kwenye kile chuma cha nane. Kamba inapopita mle hunyonya chochote kilicho karibu, iwe nywele, ncha ya mtandio, uzi wa jaketi au pindo la nguo, na kikishanaswa huwezi kukitoa kwa sababu uzito wako wote ndio unaokaza. Kiongozi aliyekuwa juu aliona, akapiga kelele, akanisimamisha. Aliteremka mpaka nilipo, akaikunja kanzu na kuifunga kiunoni kwangu kwa ukanda. Hakunikaripia. Alinionyesha tu kwa kidole pindo lile na ile nafasi ndogo iliyobaki, na mpaka leo nikishona pindo refu naikumbuka nafasi ile.

Tulipofika nusu ya njia nilikuwa siwezi kufunga vidole. Kutetemeka ni dalili ya kwanza, na bado ni dalili ya heri kwa kuwa mwili unapigana; kinachotisha ni vidole kukataa kazi, ulimi kuwa mzito, na mtu kuanza kunyamaza na kutotaka kusogea. Mimi nilikuwa nimekwisha kunyamaza. Kiongozi alitoa kofia ya mpira kwenye begi lake, akanivalisha chini ya helmeti, akanipa chai ya moto yenye sukari nyingi, akamwomba shemeji anishauri nivue pamba ya ndani. Sikuweza. Tulikuwa watu saba katika ufa wa mwamba, wanaume watano, na mimi sikuwa na cha kujifunika. Nililia, na sioni aibu kulisema, kwa sababu nilitakiwa kuchagua kati ya mambo mawili ambayo hayakupaswa kugongana. Nilibaki na nguo zile, tukaharakisha, tukatoka saa nane badala ya saa tisa, na wenzangu wakakosa sehemu ya mapumziko kwa ajili yangu.

Jioni hiyo, nikiwa nimejikunja ndani ya blanketi kwa dada, niliamua kwamba sitarudi Malindi nikiwaambia watu kuwa jambo hili si la wanawake wa kwetu. Kosa lilikuwa la kitambaa na mkato, na hayo ndiyo kazi yangu.

Nilinunua kitambaa cha nguo za kuogelea, kile cha nailoni yenye kunyumbuka, katika duka la vitambaa mjini Saint-Denis, nikatumia cherehani ya dada. Nilishona vazi la ndani la kipande kimoja kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo, likibana kama ngozi bila mkunjo hata mmoja, mishono yote ya zigizaga kwa uzi wa poliesta ili isikatike inaponyumbuka, na niliiweka mishono ya ubavuni mbele kidogo isikae chini ya mikanda. Vazi hili halionekani kabisa. Liko chini ya suti ya mpira. Kofia ya kichwa niliishona kwa kitambaa hichohicho, ikifunika nywele, masikio na shingo na kuishia ndani ya suti, bila pini, bila fundo, bila ncha inayoning'inia, kwa sababu fundo nyuma ya kichwa huinua helmeti na kuiacha paji la uso wazi, na pini ikipigwa na jiwe huingia kichwani. Nywele nilizisuka mabutu mawili yaliyolala.

Ilibaki stara ya juu, kwa kuwa suti ya mpira huonyesha umbo. Nilishona bukta pana ya poliesta nzito inayoshuka hadi chini ya magoti, yenye lastiki miguuni, ikivaliwa juu ya suti na chini ya mikanda, na shati la kitambaa hichohicho lililofika nyongani, ambalo mikanda ya kiunoni hulishika lisipepee. Kiongozi alipoiona bukta alifurahi kwa sababu nyingine: kuteleza juu ya mwamba hula makalio ya suti za mpira, na watu wengi wazoefu huvaa kaptura kuukuu juu yake kuilinda. Niliongeza kipande cha pili cha kitambaa nyuma. Seti nzima ilinigharimu Euro 41, nayo ikiwa imelowa haikupita gramu 900.

Tulirudi korongo lilelile baada ya siku 16. Safari hii niliomba suti kwa vipimo vya mwili wangu, alivyovichukua dada kwa futi, na ilipovaliwa ilinibana kifua hadi nikadhani si saizi yangu. Ndiyo saizi. Ukiwa nchi kavu itakuchosha. Ukiingia majini italegea na kukaa. Nilikodi viatu, nikavaa soksi za mpira ndani yake. Pete na bangili niliziacha nyumbani, kwa kuwa pete ikinaswa kwenye mwamba wakati mwili unashuka huweza kung'oa kidole. Miwani ya zamani niliifunga kwa kamba nyuma ya kichwa. Baridi ilikuwepo, lakini ilibaki nje.

Mzigo wa korongoni uwe mdogo sana, nao ugawanywe na ule unaobaki garini. Kiongozi hubeba kamba, dawa za huduma ya kwanza na pipa dogo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha lisiloingia maji. Humo ndimo vinakowekwa dawa ya pumu, simu moja kwa kundi zima na chakula. Mara ya kwanza nilifunga mahamri kwenye mfuko wa nailoni nikauweka kwenye begi, nikayakuta yamekuwa uji. Mara ya pili nilichukua tende na kashata za nazi, ambazo hazihitaji sahani, hazivunjiki upesi na huupa mwili sukari ya haraka inayotengeneza joto. Maji ya kunywa yapo lazima, ingawa umezungukwa na maji. Ya mtoni usiyanywe, na ukiwa na jeraha lifunike kwa plasta isiyopitisha maji, kwani katika mito ya kisiwa kile kuna ugonjwa wa leptospira unaoenezwa na mkojo wa panya. Ukipata homa kali katika wiki mbili tatu zinazofuata, mweleze daktari kwamba uliingia mtoni.

Wanawake huniuliza pia kuhusu siku za mwezi, na nawajibu waziwazi. Pedi hufyonza maji na haifai kabisa ndani ya suti ya mpira. Ni afadhali kupanga tarehe nyingine. Haja ndogo imalizwe kabla ya kuvaa, kwa kuwa kuvua ni kazi ya robo saa. Kuhusu swala, tuliuliza muda wa kutoka, tukaona tutawahi adhuhuri na alasiri tukiwa nje. Na bima ya safari isomwe kabla ya kuilipia, kwa sababu nyingi huacha nje michezo ya kamba na milima. Yangu iliiacha, na goti lile nililitibia kwa fedha zangu.

Garini acha taulo, sweta la sufu, soksi kavu, viatu vingine, chupa ya chai ya moto, na mfuko mkubwa wa plastiki wa nguo zilizolowa. Acha na leso. Mimi niliiweka kama mama alivyoagiza, bila kuwaza itanifaa nini. Tulipotoka mara ya pili kulikuwa na upepo kwenye maegesho, watu wanapita, na hakuna banda wala choo. Dada, aliyekuwa amekuja kutuchukua, alishika leso moja mbele na nyingine nyuma, nikapata chumba. Nilivua kila kilicholowa, nikajikausha, nikavaa sweta na dera bila haraka, nikatoka nikiwa mkavu. Katika kundi letu siku hiyo walikuwemo wasichana wawili kutoka Lyon, waliokuwa wakihangaika kujivua ndani ya taulo fupi huku upepo ukiwanyang'anya. Mmoja wao alimkaribia dada akionyesha leso kwa kidole. Dada akawashikia nao.